Mafundi wa mashine za boti Pemba, mpaka lini mtatupimia mashine kwenye pipa?

Assalaam alaykum wakuu. Nafungua uzi huu mikono bado inanuka petroli, kwa hiyo anayetaka maneno laini apite nyuzi nyengine.

Wiki tatu boti yangu ilikuwa inashinda juu ya magogo hapa Wesha. Mafundi watatu. Shilingi 385,000. Sisi wa dagaa kazi yetu ni giza, mwezi ukijaa tunakaa barazani kupiga soga. Sasa giza zima limepita, na mie kila usiku nikisimama ufukweni nikizitazama taa za wenzangu upande wa kisiwa cha Misali zinawaka kama mji. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Ufa. Ufa mfupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kwenye kava ya pampu ya maji.

Mashine ni Yamaha 15 ya silinda mbili, ile ya kuchanganya oili na petroli, kila mvuvi anaijua. Mashine sina ugomvi nayo.

Ilianza hivi. Tukitoka taratibu, mashine inakojoa vizuri, yaani yale maji ya kuipoza yanatoka nje kwa nguvu. Tukishaifungulia na boti ikainua pua, mkojo unakuwa mwembamba, unakatikakatika, unatoka na mapovu kama soda iliyotikiswa. Baada ya dakika kumi hivi nguvu inashuka yenyewe, na silinda hedi haigusiki. Ukipunguza moto ukangoja kidogo, inarudi kama haijafanya kitu. Usiku wa tatu ikazima kabisa nje ya Misali, mkondoni, pale nanga haioni chini. Tulivutwa mpaka pwani na jamaa wa Ndagoni, Mungu awalipe, wao waliacha dagaa zao kwa ajili yetu.

Fundi wa kwanza hata kofia ya mashine hakufungua. "Yakhe, plagi hizo." Plagi mbili 24,000, mkono wake 20,000. Akaitia mashine kwenye pipa la maji, akavuta kamba, ikawaka, ikakojoa mpaka ikamrowesha kanzu mzee mmoja aliyekuwa anapita. "Unaona? Nenda kavue." Nikaenda. Nikarudi kwa makasia.

Wa pili akasema gasketi ya silinda hedi. Gasketi 35,000, mkono 50,000, na juu ya hapo akang'oa themostati akaitupa, eti "nchi hii ya joto, ya nini?" Ndugu yangu, themostati haijali joto la Pemba, kazi yake ni kuifanya mashine ikae kwenye joto lake. Lakini wakati ule nilinyamaza, mwenye shida hana sauti mbele ya fundi. Pipa tena. Ikakojoa tena. Baharini, yaleyale.

Wa tatu ndiye aliyenichoma zaidi, kwa sababu alifika mlangoni akashindwa kuingia. Alijua ni pampu. Akashusha mguu wa mashine, ile sehemu ya chini yenye panga, akatoa impela ya zamani, kile kigurudumu cha mpira chenye mbawa kinachosukuma maji, akaweka mpya ya 46,000, mkono 40,000. Ile kava inayoifunika impela aliishika mkononi, akaifuta kwa tambara, akairudisha! Ingemgharimu nini kuigeuza akaitazama kwenye jua?

Siku ile nilirudi nyumbani sikula. Nikamwita mpwa wangu, ana miaka kumi na saba na macho yake bado mazima, nikamwambia tushushe mguu wenyewe. Tukafungua bolti, tukaachanisha fimbo ya gia, mguu ukatoka. Kava tukaiosha kwa maji baridi, tukaikausha, tukaitazama: haina kitu. "Mjomba, mbona nzima?" Nikakumbuka jambo alilokuwa akifanya marehemu baba kwenye vyuma vya mashine za zamani. Tukaipaka mafuta ya taa, tukaiacha kidogo, tukaifuta ikauka kabisa, tukaikwangulia vumbi la chaki ya skuli juu yake. Haikufika dakika mbili mstari ukajichora wenyewe kwenye ule weupe, unatoka tundu la bolti ya nyuma unaingia ndani mpaka inapokaa ile bakuli ya chuma ambayo impela inazunguka ndani yake. Mafuta yalikuwa yamejificha ndani ya ufa, chaki ikayafyonza nje. Gharama yake: kipande cha chaki.

Sasa nisikilizeni kuhusu pipa, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwenye pipa, mguu wote umezama na pampu imezama. Ufa ukinyonya, unanyonya maji. Mkojo unatoka, fundi anatabasamu, wewe unatoa pesa. Baharini boti ikishapanda juu ya maji, usawa wa maji unashuka, pampu haijazama tena kama mwanzo, na imezungukwa na moshi wa mashine unaoteremka kwenda chini. Ufa uleule sasa unanyonya hewa na moshi. Ndiyo yale mapovu. Ndiyo maana taratibu ni nzima na mbio ni mgonjwa. Nilimwambia kila fundi, kwa mdomo wangu, "inaharibika ikikimbia tu." Hakuna hata mmoja aliyeniambia twende wote baharini nikaione.

Na ufa ulitoka wapi? Hapa na mie nina dhambi yangu. Kabla ya Ramadhani yule fundi wa kwanza aliisafisha mashine, kisha akaiwasha pale mchangani, kavu, bila maji, "niisikilize mlio." Nilikuwepo, nikachekelea ilivyonguruma. Impela ni mpira, unalainishwa na maji yaleyale unayoyasukuma. Ikizunguka kavu inapata moto upesi sana, na kava ni plastiki. Siwezi kuapa kwamba ni siku ile, lakini kabla ya hapo mashine haikuwahi kunisumbua.

Nikampelekea wa tatu kava yenye mstari wa chaki. Mnajua alisema nini? "Tutie gundi." Gundi! Kitu kinachotikiswa, kinachopata joto, kilichomo ndani ya chumvi, ndicho kinachobeba roho za mabaharia wanne.

Nikaagiza kava mpya duka moja Mjini Unguja, 65,000, "orijino kabisa bosi." Ikashuka na meli Mkoani. Kufungua boksi: tundu mbili hazikai sawa na bolti, na bakuli ya chuma inacheza ndani kama jino bovu. Kupiga simu: "kikishatoka dukani hakirudi." Ya kweli nimeipata kwa mtu mwengine kwa 105,000, na ukiziweka pamoja hata kipofu atazitofautisha kwa kuzipapasa.

Kuifunga tumeifunga sisi. Kwa mwenye kutaka kujaribu: angalieni ule ufunguo mdogo kwenye shafti, kile kichuma kinachoishika impela, usianguke. Impela iingizeni huku mnaizungusha shafti kufuata saa, ili mbawa zilale upande wake. Bolti kazeni kidogokidogo kwa kupishana, msimalize moja kwanza, ndivyo plastiki inavyopasuka. Na mguu ukipanda, hakikisheni bomba la maji limeingia kwenye mpira wake, likikaa pembeni kazi yote bure. Themostati nimenunua nyengine, hiyo sikuihesabu, nimeona haya.

Juzi tumekwenda Misali na kurudi moto wote. Imekojoa njia nzima, mkono unakaa juu ya hedi.

Ninachotaka: yule wa gasketi anirudishie 85,000 yangu, na anajijua. Na kama kuna fundi Pemba anayekubali kupanda boti na mteja kabla hajataja kifaa, mtajeni hapa, nitampelekea kazi za bandari nzima.

Nyongeza, baada ya Alasiri: fundi wa tatu kanipigia sasa hivi. Nikadhani anaomba radhi. "Shekhe, ile kava mbovu hujaitupa? Kuna jamaa huku mashine yake kama yako, nataka niitie gundi." Nimeipasua kwa shoka, vipande vimo kwenye jiko la mke wangu.