Roadster ya kujiundia inadunda mno: springi laini, shokapu au tairi?

Kijana wa Nala
Wakuu, habari za jioni. Lile gari langu la wazi la viti viwili sasa linatembea. Fremu na bodi ni za kit (vipande vya kujiunganishia mwenyewe) kutoka Uingereza, umbo la Lotus Seven. Injini na diferensho ni za Eunos Roadster, yaani Mazda MX-5 ya Japani. Bila dereva lina kama kilo 600. Mbele kuna springi za paundi 250 kwa inchi, shokapu za kurekebishika kwa kliki (hatua za kukaza na kulegeza), tairi 195/50R15, upepo psi 32.

Kwenye lami nzuri ya kuelekea Singida ni raha tupu. Nikiingia njia ya vumbi ya nyumbani, au nikikuta tuta, linapiga mgongo hadi pumzi inakata. Naona njia nne: springi laini, shokapu nyingine, tairi zenye ukuta mnene, au nishone tu kiti chenye sponji nene. Springi lazima niagize nje, ndiyo maana nauliza kabla sijatuma hela.

Mzee wa Kizota
Kijana, kabla hujatoa hata shilingi, toa upepo. Psi 32 ni za gari la tani moja na zaidi. Magari ya aina yako hutembelea 18 hadi 20. Kwa uzito huo ukijaza 32, tairi halibonyei kabisa, kila jiwe linakuja moja kwa moja kwenye kiti. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, maana kwa Oktoba ya hapa kwetu, joto likipanda nyuzi 10 unaongeza psi moja na ushee bila kugusa pampu.

Dada Stelingi
Shikamoo mzee. Naunga mkono kupunguza, ila 18 kwenye njia yenye mawe mimi nasema hapana. Ukuta wa 195/50R15 ni milimita 97 tu, ukilivaa jiwe rimu inapinda. Aanze na 22.

Kama ni kununua, ningetafuta 185/60R14, saizi ambayo Eunos za mwanzo zilitoka nayo kiwandani. Ukuta unafika milimita 111 na kimo cha tairi zima ni kilekile, tofauti ni milimita mbili, kwa hiyo spidomita haibadiliki. Hakikisha tu rimu ya 14 haigusi kalipa za breki zako.

Fundi Chamwino
Wote mnasema kweli, lakini hatujajua bado kinachogonga ni nini. Pakaza grisi nyembamba kwenye rodi ya kila shokapu, pita njia yako ya kawaida, kisha ulale chini na tochi uone grisi imefutwa hadi wapi. Ikifutwa hadi kwenye ile raba ya kuzuia, inayopokea shokapu ikifika mwisho, basi shida siyo ugumu wa springi. Gari limekaa chini mno, linaishiwa nafasi ya kubonyea na kugonga raba. Ukifunga springi laini hapo litagonga zaidi.

Jambo la pili: bushi za amu (mikono inayoshikilia gurudumu) zilikazwa gari likiwa juu ya jeki? Bushi za raba zikikazwa magurudumu yakining'inia, likishuka zinabaki zimejisokota na kusukumana na kila shimo. Legeza boliti zote, shusha gari chini, mtu akae kwenye kiti, ndipo ukaze. Ni kazi ya asubuhi moja na haina gharama.

Kijana wa Nala
Fundi, ubarikiwe. Mbele grisi imefutwa pande zote mbili hadi kwenye raba, na raba ya kushoto ina alama ya kupondwa. Nyuma bado ina nafasi nzuri. Upepo nimeweka 22: vile vitetemeshi vidogo vya kokoto vimekwisha, lakini tuta bado linagonga.

Mpita Njia
Legeza nati ya chini ya springi mkuu, italainika.

Fundi Chamwino
Hapana ndugu yangu. Nati ile inapandisha na kushusha gari tu. Springi ya 250 inabaki 250 hata uikaze vipi. Akiilegeza, gari linashuka na raba inagongwa mapema zaidi. Aikaze, apandishe mbele, kisha apime tena kwa grisi.

Mwalimu wa Hesabu, Kondoa
Niongeze hesabu kidogo. Shokapu yako imeegama na imefungwa ndani ya amu, kwa hiyo gurudumu halioni 250. Likipanda milimita 10 na springi ikabonyea 7, zidisha 250 kwa 0.7, kisha jibu tena kwa 0.7: unapata kama 122. Pembe moja ya gari yenye kilo 130 juu ya springi itadunda karibu mara 2 kwa sekunde, na huo ni ugumu wa gari la mashindano. Springi ya 160 inakupa kama 78 kwenye gurudumu, mara 1.6 kwa sekunde. Hapo mgongo unapumua na kona bado unazikata vizuri.

Ila gari litazama kama milimita 33 zaidi. Lazima urudishe kimo hicho kwa nati, kama milimita 23 kwenye springi yenyewe. Pima zako, 0.7 yangu ni mfano tu.

Dada Stelingi
Ukishafunga laini, rudisha shokapu kwenye kliki laini kabisa, kisha kaza moja moja hadi gari liache kuyumba baada ya tuta. Shokapu iliyokazwa kwa ajili ya 250 itaizuia 160 isinyooke, na mashimo yakifuatana gari linazidi kuzama. Kwa hiyo shokapu mpya huhitaji. Sponji weka kama unasafiri mbali, lakini haliokoi fremu wala raba.

Kijana wa Nala
Nimeelewa. Bushi, kupandisha mbele, kisha springi za 160. Naagiza kwa vipimo gani?

Fundi Chamwino
Vitatu: kipenyo cha ndani, urefu ikiwa huru, na ugumu. Kipenyo pima kwa kalipa ya vernia, usikadirie, maana kuna za inchi 1.9, 2.25 na 2.5, na haziingiliani. Urefu chukua mrefu kuliko ulionao, vinginevyo nati itafika mwisho wa uzi kabla hujakirudisha kimo. Na muulize muuzaji springi inabonyea kiasi gani kabla mizunguko haijagusana.