Tupeane uzoefu: kazi ya kutunza wazee nje

Mwana Uyole: Wadau, asubuhi hii nimemsindikiza mdogo wangu stendi ya Nane Nane hapa Mbeya, anaenda Dar kumalizia malipo ya wakala apate kazi ya kutunza wazee Uingereza. Bahasha ya vyeti kaikumbatia kifuani mpaka gari linatoka, roho imeniuma. Mliopita huko semeni.

Binti Tukuyu: Nilienda mwanzoni mwa 2024. Wakala alichukua milioni 9 ya sponsashipu, yaani cheti cha mwajiri kukudhamini, mama akauza ng'ombe wawili na shamba la viazi akaliweka rehani, kumbe kile cheti hakiuzwi. Mkataba ulisema saa 39 kwa wiki, nikapewa 9, wiki nyingine sipangiwi kabisa, na viza imefungwa kwa mwajiri huyohuyo, huhami mpaka upate mwingine mwenye leseni ya kudhamini wageni. Kampuni ikanyang'anywa leseni, nikaletewa barua, siku 60 nipate mdhamini mpya au niondoke. Jioni ileile mama kapiga, "umekula mwanangu?" nikamwambia nimekula, na mezani nina maji ya moto na kipande cha mkate wa juzi. Siku ya 52 ndo nyumba moja ya wazee ikanichukua. Mama hajui mpaka leo.

Mtu wa Tukuyu: Ndaga dada, ya kukatiwa saa nimeipitia.

Kijana Mafinga: Pole, ila kuweka shamba rehani ni tamaa.

Mama Kihesa: Tamaa ipi? Wewe ungemuuliza nani hapa kijijini? Muombe msamaha.

Kijana Mafinga: Basi nisamehe dada, na mimi bro wangu kaliwa hivyohivyo.

Njombe Baridi: Nendeni Kanada.

Mama Kihesa: Kanada mpango wa watunzaji ulifunguliwa Machi 31, 2025 kwa waliokuwa tayari kule tu, nafasi zikajaa siku hiyohiyo, mimi huku nilikuwa nasubiri tathmini ya cheti cha fomu foo bure. Bora Ujerumani, miaka 3 unasomea uuguzi huku unalipwa, ila Kijerumani ukisote kwanza, mwanangu yuko ngazi ya kati, B1, na analia.

Mtu wa Tukuyu: Mwana Uyole, Uingereza walishafunga kuajiri watunzaji wapya kutoka nje tangu Julai 22, 2025! Huyo wakala anauza nini? Wakala yeyote muulizieni TaESA, wale wa serikali wa huduma za ajira, kabla hamjatoa hata mia. Mpigie SASA.

Mwana Uyole: Nimempata, wako Mafinga wanakula. Milioni 3 ya mwisho bado anayo. Amekaa kimya muda mrefu, akaniuliza, "kweli kaka?" Anashuka Ipogolo, Iringa.