Mafunzo yalipata 4.6 kati ya 5, lori bado linarudishwa. Tunapimaje?

KaraniMpakani, Busia

Habari za jioni wenzangu. Nasimamia ghala la nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Tunanunua mahindi ya Bugiri, Iganga, mara nyingine hata Masindi, tunayapanga na kuyavusha kwenda Kenya. Nina makarani wa mapokezi tisa, na vibarua wa kushusha ambao idadi yao hubadilika kila kukicha.

Mwezi wa saba mzigo wetu ulirudishwa. Mnunuzi alipima akapata unyevu wa asilimia 15.1, na kiwango cha Afrika Mashariki hakitaki uzidi 13.5. Kwenye daftari letu mzigo huohuo umeandikwa 13.2. Bosi wangu hajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu. Akisikia neno unyevu tu anaanza kukuna kichwa. Akasema, "Hawa watoto hawajui kazi, wapelekwe mafunzo."

Tukawapeleka. Siku mbili hotelini Jinja, mwezeshaji wa kutoka Kampala, chai na sambusa, vyeti vyenye muhuri. Jumla ikafika milioni 9. Siku ya mwisho wakajaza fomu na mafunzo yakapata wastani wa 4.6 kati ya 5. Mmoja aliandika "chakula kilikuwa kizuri sana", na hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote kwenye fomu zile.

Wiki tatu baadaye lori jingine likarudi.

Sasa bosi anataka karatasi moja inayoonyesha milioni 9 zimefanya nini, na hapohapo anataka bajeti ya mafunzo ya mwaka ujao. Nimewapa makarani fomu waseme wenyewe wanahitaji kufundishwa nini. Saba kati ya tisa wameandika kompyuta. Pale mapokezi hakuna kompyuta hata moja.

Nianzie wapi?

AfisaUtumishi_KLA

Ulichowauliza ni matamanio, ukapata matamanio. Hakuna wa kulaumiwa.

Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 kuhusu ngazi nne za kupima mafunzo: watu wameyapokeaje, wamejifunza nini, wakirudi kazini wanafanya nini tofauti, na mwishowe kazi yenyewe imepata nini. Fomu yako ya 4.6 ni ngazi ya kwanza, na imekwama hapo. Mtu anaweza kuyapenda mafunzo asijifunze kitu. Anaweza pia kujifunza vizuri kabisa, akarudi kazini akafanya yaleyale ya zamani.

Unapopanga, shuka kutoka juu. Unataka lori lisirudi. Ili lisirudi, nani afanye nini, kwenye meza gani? Akishindwa kukifanya, ni kwa sababu hajui au kuna kingine? Ukifika hapo ndipo uulize habari ya mafunzo. Wengi wetu tunaanza na hoteli.

Mzee_wa_Mutukula

Swali langu ni dogo: walilipwa posho?

KaraniMpakani

@Mzee_wa_Mutukula huku kwetu posho ni ugali, ukiitaja tunakuletea na maharage. Kama ni pesa ya safari, ndiyo, elfu hamsini kwa siku.

Mzee_wa_Mutukula

Basi 4.6 ni ya hiyo elfu hamsini.

MamaMaabara_Jinja

Mwanangu Karani, pole. Nimepima nafaka miaka 22 kwenye kinu cha unga. Sasa nimestaafu nafuga kuku, kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Katika maelezo yako yote sijaona mtu aliyeshuhudia kosa likifanyika. Bosi ameona lori limerudi. Wewe umeona namba kwenye daftari. Katikati ya hivyo viwili kuna meza, na mezani kuna mkono wa mtu unaomimina mahindi kwenye kipimo. Mkono huo hakuna aliyeutazama.

Nenda ukae pale asubuhi mbili au tatu. Usiseme neno, usimsahihishe mtu. Siku ya kwanza watakuigizia, siku ya pili watakuzoea. Andika bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kuchota sampuli, limechoma magunia mangapi, na ni yapi: ya ukingoni tu au hata yale ya tumboni mwa lori? Kipimo kimewekwa kwenye mahindi, au kimebaki kwenye maharage ya jana? Mahindi yaliyoshinda juani yanapimwa yakiwa bado moto? Wanapima mara tatu na kuchukua wastani, au mara moja na kuandika? Betri ilibadilishwa lini?

Ukimaliza, mwite karani mmoja mmoja kando. Mpe gunia, mwambie, "Nipimie hili kana kwamba unalinunua kwa pesa yako." Akipima sawasawa, kazi anaijua, na hata ukimpeleka mafunzo mwezi mzima hutamwongezea kitu. Tafuta kinachomzuia: foleni, kifaa, woga wa dalali, namna watu wanavyolipwa. Akikosea hata pale alipotulia, huyo ndiye wa kufundishwa, na utakuwa umeona kwa macho yako cha kumfundisha.

Nililijua hili kwa aibu. Kuna kijana nilimfundisha kusoma kipimo mara nne. Mara nne! Nikafikia kumwandikia barua ya onyo. Kumbe alikuwa hazioni namba kwenye kile kioo kidogo, na aliogopa kusema asije akafukuzwa. Miwani ya kusomea tulimnunulia sokoni, bei yake haikuzidi chakula cha mchana cha watu watatu. Ile barua niliichana mbele yake.

KaraniMpakani *(wiki mbili baadaye)*

Mama, nimerudi. Nilikaa asubuhi tatu. Nimechoka na nimeona mengi.

La kwanza, lori la magunia 300. Utaratibu tunaujua: mzigo ukizidi magunia 100 unachukua kipeuo cha pili, kwa hiyo hapo unachoma kama 18. Nilihesabu sita, yote ya ukingoni. Niliona kabisa karani akimfuata kibarua na bambo mkononi na kibarua hata hageuki. Vibarua wanalipwa kwa gunia, na gunia likishafika begani halisimami. Madalali wanalijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana mahindi mabichi husafiri katikati ya lori.

La pili, tuna vipimo viwili. Nilichukua mahindi ya gunia moja, nikayachanganya vizuri, nikapima kwa vyote. Kimoja kikasema 13.1, kingine 14.8. Nikarudia, hivyohivyo. Kile cha 13.1 makarani wanakiita Padri, kwa sababu kinasamehe. Wanakigombania, maana ukitumia kile kingine madalali wanakupigia kelele mpaka saa sita. Nimefanya kazi hapa miaka minne na jina la Padri nimelisikia wiki hii.

La tatu, lile jaribio lako la pesa yako mwenyewe. Saba kati ya tisa walipima bila kosa. Mmoja aliniambia, "Bosi, ingekuwa yangu hili nisingelinunua," na asubuhi yake alikuwa amelipokea gunia la aina hiyohiyo. Wawili tu ndio walipima mahindi yakiwa moto na hawakujua kuna shida. Hao wawili walikuwa Jinja na vyeti wanavyo.

Kwa hiyo niliwapeleka watu tisa wakati wenye haja walikuwa wawili, na hao wawili nao hawakulipata somo walilolihitaji. Nimetafuta makablasha ya mwezeshaji: mahindi moto hayamo kabisa. Yamo mawasiliano, kazi ya timu, na historia ya viwango.

Swali linalobaki ni la kupima. Nikiwafundisha hawa wawili na kurekebisha mengine, nilinganishe malori yaliyorudi mwezi wa saba na ya Desemba?

MamaMaabara_Jinja

Hapo hapana! Mahindi ya msimu wa kwanza yanavunwa mvua ikiwa bado inazunguka. Ya msimu wa pili yakifika Desemba na Januari yamepigwa jua shambani. Ukilinganisha Julai na Desemba, mafunzo yatapewa sifa ya jua.

Malori yaliyorudi nayo ni machache mno. Mawili, kisha moja, kisha sifuri, bosi mwenye akili atakuuliza kama si bahati.

Pima kitu kinachotokea kila siku. Kila jioni okota magunia matano yaliyokwisha kupokewa, uyachague kwa kura, upime upya wewe mwenyewe kwa kipimo kizima, kisha uandike tofauti kati ya namba yako na ya karani. Anza leo, kabla hujagusa chochote, maana bila namba za kabla utakuja kubishana na watu kwa kumbukumbu. Kisha usibadilishe zamu zote siku moja. Rekebisha zamu ya asubuhi, ya mchana iache wiki tatu. Mahindi ni yaleyale, jua lilelile, madalali walewale. Zamu moja ikinyooka na nyingine ikabaki ilivyo, utakuwa na la kusema.

Kwa wale wawili, andaa chupa za mtihani. Tafuta chupa tisa za kufunga vizuri: tatu mahindi makavu, tatu ya 13 hadi 14, tatu mabichi. Wewe tu ndiye unayejua ipi ni ipi. Wapime kabla ya kufundishwa, wiki moja baadaye, na miezi mitatu baadaye. Hiyo ya miezi mitatu usiiruke, watu husahau. Na zile chupa uzijaze upya kila mara, zikikaa wiki zinabadilika. Za kati ndizo zinazomfichua mtu. Mahindi mabichi kabisa hata mimi bila miwani nayajua kwa kuuma punje.

AfisaUtumishi_KLA

Nakubaliana na Mama. Nyongeza yangu ni moja: ongea na karani aliyebadilika zaidi na yule ambaye hakubadilika kabisa, kila mmoja nusu saa. Wale wa katikati hawatakwambia mengi. Na kwenye karatasi ya bosi tenganisha gharama ya kufundisha na gharama ya kusawazisha kipimo, wasije wakasema yote ni mafunzo.

KaraniMpakani *(baada ya wiki sita)*

Naleta mrejesho, maana mliniuliza kwenye ujumbe.

Kabla ya lolote, tofauti yangu na makarani ilikuwa wastani wa pointi 1.4, na karibu kila mara wao ndio walioandika chini. Padri amepelekwa kusawazishwa. Zamu ya asubuhi nikaiwekea sheria moja: gunia lililowekewa alama ya chaki halibebwi mpaka bambo lipite, na kibarua analipwa kitu kidogo kwa kusubiri. Wale wawili niliwafundisha mwenyewe, saa moja na nusu, kwenye meza yetu, na mahindi yaliyotoka juani. Tuliyapima yakiwa moto, tukayaacha kivulini, tukayapima tena. Mmoja alicheka akasema, "Kumbe namba inatembea."

Wiki tatu baadaye zamu ya asubuhi ilikuwa na tofauti ya 0.4. Ya mchana 1.1, na hapo nadhani imeshuka kwa sababu tu Padri hayupo. Mtihani wa chupa, kati ya wale wawili mmoja ametoka chupa nne sahihi, mwingine tano, wamefika nane wote. Wa miezi mitatu bado.

Bosi ameisoma karatasi akiwa amesimama. Akauliza, "Kwa hiyo zile milioni 9?" Nikamwambia kilichosaidia hakikufika hata milioni moja, pamoja na kusawazisha. Akanyamaza. Kisha akakataa ile pesa ya kibarua kusubiri, anasema itazoeleka na wataidai hata siku za maharage.

Kwa hiyo sheria ya chaki ipo, malipo yake yanaisha Ijumaa. Kuna mwenye ghala hapa anayewalipa wapakuaji kwa siku badala ya gunia? Foleni inaendaje?

Mzee_wa_Mutukula

Mimi nalipa kwa siku. Foleni ni ndefu, lakini bambo linafika katikati. Nipigie kesho asubuhi kabla malori hayajaingia.