Pono chui amezama mchangani karibu wiki nzima: nichimbe au nisubiri?

Bahari_Ohio:

Ndugu wapenzi wa matangi ya matumbawe, salaam nyingi kutoka Columbus, Ohio, Marekani.

Naomba ushauri kuhusu samaki wa jenasi ya Macropharyngodon, wale ndugu wadogo wa pono wenye madoadoa ambao hapa nitawaita pono chui. Wangu ni jike wa Macropharyngodon bipartitus, aliyevuliwa pwani ya Kenya na kuletwa kwa ndege, na muuzaji wa hapa alinikabidhi siku ileile mzigo ulipotua. Nilipomfungulia mfuko alizungukazunguka juu ya mawe kwa muda mfupi, kisha akajitosa mchangani kwa kichwa, vumbi kidogo likatimka, na tangu hapo sijamwona hata mkia. Sasa inakaribia wiki nzima.

Tangi lina lita 400 na limetimiza mwaka mmoja; lina mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe wadogo ndani yake) ya kutosha na matumbawe laini, joto ni nyuzi 25 na chumvi ni 35 kwa elfu. Mchanga una kina cha sentimita 3 upande wa mbele, na nyuma ya mawe unafika 6 hivi. Taa huwaka saa nne asubuhi na kuzimika saa nne usiku.

Ninachotaka kujua kwanza ni kama nifukue mchanga nihakikishe hajafa na kuanza kuoza. Pia ningependa kujua atakula nini akitoka, na kama inafaa baadaye kumtafutia dume pamoja na Halichoeres iridis, samaki mwingine wa jamii yake, ambaye naambiwa ana tabia zinazofanana na zake.

Mzee_wa_Mwamba (Muscat):

Ndugu Bahari, usichimbe. Samaki huyu hulala mchangani kila usiku wa maisha yake, na akitishwa kimbilio lake ni hukohuko. Ukianza kufukua utamjeruhi au utamfanya aongeze siku nyingine za kujificha. Wengi wao hupotea siku kadhaa baada ya kuhamishwa, na wapo wanaochukua hata wiki mbili. Maiti ya samaki wa sentimita nane katika lita 400 ingekupa dalili: konokono na kaa wangekusanyika mahali pamoja, na kipimo cha amonia kingeonyesha jambo. Pima amonia kila siku, nao mchanga uuache kama ulivyo.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ndilo hasa linalokuchezea. Huyu bado anafuata jua la kwao. Katika majira haya ya joto Mombasa imeitangulia Columbus kwa saa saba. Kwa hiyo kukipambazuka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi, kwako ni saa tano usiku na taa zimeshazimwa kwa saa nzima. Na jua linapotua Mombasa saa kumi na mbili jioni, kwako ni saa tano asubuhi, taa zikiwa zimewaka kwa saa moja tu. Yaani karibu mchana wake wote ni usiku wa tangi lako. Huenda anatoka gizani akakuta hakuna kinachoonekana, akarudi kulala. Acha taa hafifu ya buluu iwake usiku kwa siku chache, kisha vizia ile saa moja kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Baada ya hapo isogeze taa hiyo hafifu kidogokidogo hadi azoee saa za kwenu.

Mchanga wa sentimita 3 ni haba. Anahitaji 5 hadi 8, tena wenye punje laini zisizozidi milimita 2, kwa sababu kokoto za matumbawe zilizovunjika humchubua ngozi. Si lazima uongeze tangi zima: chukua bakuli pana la plastiki la kuhifadhia chakula, lijaze mchanga laini, ulifiche nyuma ya jiwe mahali ambapo mkondo wa pampu haufiki. Atalipata mwenyewe.

Na kama juu ya tangi hakuna wavu, weka leo, wenye matundu ya milimita 6 au chini ya hapo. Wakishtuka huruka, na hupita kwenye upenyo ambao mtu hawezi kuamini.

Mzamiaji_Diani:

Niongeze ninayoyaona huku wanakotoka. Bipartitus tunakutana nao karibu kila tunapozama kwenye maeneo ambako mwamba unapakana na mchanga na vipande vya matumbawe yaliyokufa. Jike ana mgongo wa rangi ya chungwa wenye vidoa vyeupe na tumbo jeusi. Dume ni mwekundu mwenye michirizi ya kijani iliyopindapinda, kiasi kwamba mgeni hudhani ni samaki wawili tofauti kabisa. Kwa kawaida utaona dume mmoja akizungukia eneo lenye majike kadhaa. Wote huzaliwa majike, na aliye mkubwa ndiye hugeuka dume nafasi inapopatikana. Kwa hiyo, ndugu, usihangaike kununua dume: ukiwa na majike wawili wenye tofauti ya wazi ya ukubwa, mmoja atakuja kugeuka kwa wakati wake, ilhali madume wawili katika lita 400 ni ugomvi.

Kuhusu chakula, mtazame anavyokula ndipo utaelewa ugumu wake. Husimama karibu na jiwe, akalikagua kwa jicho moja huku jicho la pili likitazama kwingine, akainama, akadonoa mara moja, kisha akasogea kidogo na kurudia, na huenda hivyo kutwa nzima. Anachodonoa ni konokono wachanga, kopepodi (vijidudu vya majini jamii ya kamba) na foraminifera, yaani viumbe wa seli moja wenye makombe ya chokaa, ambao huwasaga kwa meno makubwa yaliyoko kooni. Chakula cha namna hiyo hakipatikani katika tangi jipya, hata maji yake yakiwa safi namna gani. Tangi la mwaka mmoja linaweza kumbeba mmoja kwa muda, si watatu, na hata huyo mmoja atawamaliza kopepodi asipopata nyongeza. Ukiweza, unganisha tangi dogo la pembeni lenye mwani, ambamo kopepodi watazaliana bila kuguswa na samaki yeyote.

Fundi_Maji (Dar es Salaam):

Naheshimu maelezo ya wakubwa waliotangulia, lakini nashangaa kwamba hakuna aliyegusia karantini. Samaki aliyetoka baharini moja kwa moja na kutiwa kwenye tangi kuu anaweza kuleta vimelea vya madoa meupe vikawaathiri samaki wote, na minyoo ya tumboni huwafanya pono chui wakonde ingawa wanakula. Kwa maoni yangu angepaswa kuanza katika tangi tupu lenye dawa ya shaba.

Mzee_wa_Mwamba (Muscat):

Ndugu Fundi, karantini naiunga mkono. Tangi tupu silikubali. Samaki huyu akikosa mchanga hujitosa vilevile, na mdomo wake hugonga kioo. Hata ndani ya mfuko wa safari hufanya hivyo, na ndiyo maana wengi hufika na mdomo uliovimba, wakashindwa kudonoa na kufa kwa njaa, huku mwenyewe akidhani wamekataa chakula. Mwekee bakuli la mchanga humo karantini. Ila mchanga huo usiwe wa matumbawe, kwa kuwa chokaa hunyonya shaba na kipimo cha dawa hakitatulia. Tumia mchanga wa silika kama ule wa vichujio vya mabwawa ya kuogelea. Shaba yenyewe ningeitumia kwa tahadhari kubwa kwa jenasi hii, na kwa kuipandisha polepole, maana huacha kula upesi. Kwa minyoo ipo praziquantel, dawa ileile wanayopewa watoto wa shule dhidi ya kichocho, lakini nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki na uongeze hewa majini siku za dawa, kwa kuwa oksijeni hupungua.

Kwa huyu wa Ndugu Bahari, hata hivyo, saa imeshapita. Kumtoa sasa ni kumvurugia mchanga na mawe kwa faida isiyo na hakika. Awatazame wenzake kwa makini, na tangi la karantini aliandae kwa ajili ya samaki ajaye.

Bahari_Ohio:

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimefanya kama ulivyoelekeza, na leo saa nne na nusu asubuhi nimemkuta juu ya mawe akidonoa, mdomo ukiwa mzima kabisa. Kabla ya saa tano alikuwa ameshazama, palepale nyuma ya mawe kwenye mchanga wenye kina. Uduvi wa kugandishwa ameupita bila kuutazama. Je, nianze na nini ili azoee chakula cha mkono?

Mzee_wa_Mwamba (Muscat):

Marahaba. Anza na kilicho hai: artemia wachanga (vijikamba vya maji ya chumvi) au kopepodi, uwamwage karibu na jiwe analopenda huku pampu zikiwa zimezimwa, kwa sababu kitu kinachopita mbio kwenye mkondo hana habari nacho. Akishawafuata, changanya na mayai ya samaki na uduvi uliokatwa vipande vidogo sana, kisha punguza walio hai kadiri siku zinavyokwenda. Mlishe kidogokidogo mara tatu au nne kwa siku. Pima hali yake kwa kumtazama kutoka mbele: tumbo liwe limejaa na nyama ya mgongo nyuma ya kichwa isibonyee. Kubonyea hapo huanza mapema, wakati bado anaogelea vizuri.

Mzamiaji_Diani:

Kuhusu iridis, naye ni wa bahari yetu hii ya magharibi ya Hindi, hulala mchangani vilevile, ila anaishi kina kirefu zaidi na hukubali chakula cha kugandishwa kwa wepesi kuliko pono chui. Faida yake ni kwamba akila vizuri mbele ya mwenzake, pono chui naye huja kuonja. Hasara yake ni kwamba ana mbio na atamaliza chakula kabla ya yule mpole hajaamua. Mchukue mdogo kuliko jike wako, umpitishe karantini yenye mchanga, na umwingize baada ya huyu kuwa anakula kutoka kwako kila siku. Ukinunua jike wa pili wa bipartitus, mlete pamoja na iridis siku hiyohiyo, ili mwenyeji asimwelekee mgeni mmoja peke yake.