Mdogo wangu anadaiwa kuvunja masharti ya parole huko Iowa: je, ana haki ya wakili?

Mkazi wa Rau (Moshi)
Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Naomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa tumbo moja anayeishi Iowa, Marekani, ambaye aliachiwa kwa parole baada ya kutumikia sehemu ya kifungo chake. Hivi karibuni alivuka kwenda jimbo jirani la Illinois kwenye msiba wa mtu wa kwetu Marangu bila kibali cha afisa wake, na afisa huyo anadai pia kwamba alihama nyumba bila kutoa taarifa, jambo ambalo mdogo wangu analikana kabisa kwa sababu anasema alituma ujumbe wa simu wenye anwani mpya. Sasa yuko mahabusu, na amepewa karatasi ya kusaini kwamba anaacha haki yake ya kusikilizwa. Mama anataka asaini ili yaishe, na wenzake wa mahabusu wanamwambia kwamba mtu wa parole hana haki ya wakili. Je, ni kweli?

Wakili wa Sekei (Arusha)
Pole sana, ndugu, na mfikishie mama salamu zangu. Asisaini karatasi hiyo kabla hajazungumza na wakili, kwa maana akishasaini ataamuliwa bila kufungua kinywa.

Kuhusu haki zenyewe, kesi iliyoweka msingi ilitoka Iowa hiyo hiyo. Ni kesi ya Morrissey dhidi ya Brewer, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliiamua mwaka 1972, na walalamikaji wake walirudishwa gerezani bila kusikilizwa, kwa tuhuma zinazofanana na za mdogo wako, zikiwemo kutotoa taarifa ya makazi na kutoka nje ya eneo waliloruhusiwa. Mahakama ilisema kwamba uhuru wa aliye kwenye parole, hata kama una masharti, hauwezi kuondolewa kiholela. Kwanza kuwe na usikilizwaji wa awali, mapema na karibu na mahali alipokamatwa au panapodaiwa kosa lilitendeka, mbele ya mtu ambaye hakuhusika na tuhuma, ili ionekane kama zina msingi. Baadaye kuna usikilizwaji wa mwisho, ambapo lazima apewe tuhuma kwa maandishi, aoneshwe ushahidi dhidi yake, ajieleze mwenyewe, alete mashahidi na nyaraka, na awahoji wanaomshuhudia vibaya, isipokuwa msikilizaji akiona sababu ya msingi ya kulizuia hilo. Uamuzi utolewe kwa maandishi, pamoja na sababu zake.

Suala la wakili lilijibiwa mwaka uliofuata, katika Gagnon dhidi ya Scarpelli. Wenzake wa mahabusu wamesema nusu tu ya ukweli: katiba ya Marekani haimpi kila mtu wa parole wakili wa serikali, ila kila ombi hupimwa lenyewe. Kwa kawaida wakili anapaswa kutolewa pale mtuhumiwa anapomwomba kwa wakati na kueleza kwa hoja yenye mashiko kwamba hakutenda kosa, au kwamba hata kama alitenda, zipo sababu nzito za kumtetea ambazo ni ngumu kuzieleza mwenyewe. Huangaliwa pia kama anaweza kujisemea. Kwa hiyo aombe kwa maandishi na ataje sababu zote mbili, kwa sababu anazo zote mbili. Akikataliwa, sababu za kukataliwa zinapaswa kuandikwa kwenye kumbukumbu za shauri.

Mama wa Kibosho
Naomba kuuliza, wakili. Kama ya Illinois anaikubali, kuna cha kubishania tena?

Wakili wa Sekei (Arusha)
Kipo, mama, na mara nyingi ndicho kinachoamua shauri. Maswali ni mawili: je, alivunja sharti, na kama alivunja, je, inafaa arudishwe gerezani au kuna hatua nyingine inayotosha? Mtu anayekiri tu ili yaishe huwa amejibu la kwanza na kuliacha la pili mikononi mwa afisa. Mwenye kazi, mwenye familia, aliyehudhuria miadi yake yote na aliyesafiri kwa ajili ya kuzika, ana mengi ya kuweka mezani. Tusijidanganye lakini: hiyo si kesi ya jinai mpya, na kiwango cha uthibitisho ni cha chini kuliko kile cha kutoacha shaka yoyote ya maana. Ndiyo maana nyaraka zina uzito mkubwa.

Dada wa Kijenge
Simu za mahabusu hurekodiwa. Msimhoji kuhusu safari ile kwa simu, hata kwa Kichaga.

Mkazi wa Rau (Moshi)
Nawashukuru mno. Ukoo umeanza kuchanga. Je, ubalozi wetu Washington unaweza kumpa wakili?

Wakili wa Sekei (Arusha)
Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unampa haki ya kuwasiliana na ubalozi, na ubalozi unaweza kumtembelea na kusaidia apatikane wa kumtetea, ila usitegemee kwamba utalipa gharama. Mchango wenu uende kwa wakili mwenye leseni ya Iowa anayefahamu pia sheria za uhamiaji, kwa kuwa kwa mtu asiye raia, neno moja la kukiri linaweza kugusa kibali chake cha kuishi. Mtu yeyote anayewaambia kwamba ataongea na wakubwa mambo yaishe, msimpe hata senti.

Ninyi mkiwa Moshi, kusanyeni tangazo la msiba, barua ya mchungaji au padri, na barua ya familia ya marehemu inayoeleza uhusiano wao. Zitafsiriwe kwa Kiingereza, mtafsiri aweke jina na saini yake, kisha zitumwe kwa wakili na si kwa afisa. Ule ujumbe wa simu wenye anwani, mwenye kuishika simu yake aupige picha ukionesha tarehe na namba, wala asifute chochote.

Mkazi wa Rau (Moshi)
Ujumbe upo, mke wake ameuona sasa hivi kwenye simu. Nimemweleza aombe wakili kwa maandishi leo, na karatasi ile hajaisaini.