Hii mikato mnayoimwaga hovyo kwenye sentensi mmeitoa wapi?

Wakuu, nimechoka. Tangazo zima la kazi, limepigwa na muhuri, linasema: "Anahitajika mwalimu, mkuu, mpya." Hao ni watu wangapi? "Mkuu" hapo limeshikana na "mwalimu", ni cheo, hulikati. "Mpya" nalo linamweleza huyo mwalimu mkuu mzimamzima. Andika "mwalimu mkuu mpya", basi!

Sifa zinazotaka mkato ni zile zinazolingana, kila moja ikimweleza mtu kivyake: "mwanafunzi mpole, mwerevu, msikivu". Zipangue utakavyo, maana haiguswi. Sasa jaribu "mwalimu mpya mkuu" uone inavyokwama mdomoni.

Kwenye orodha ndiyo balaa. "Waalikwa ni walimu wangu, Asha na Juma." Asha na Juma ndio hao walimu, au wanakuja zaidi ya walimu? Ukiandika "walimu wangu, Asha, na Juma" kuonyesha ni watu tofauti, linaibuka jitu linakwambia mkato kabla ya "na" ni marufuku. Marufuku ya nani? Kwa kawaida hauhitajiki, sawa, "kalamu, rula na daftari" imetulia. Lakini "na" yetu inabeba mizigo mingi. Soma hii: "Watakaa wawili wawili: Asha na Juma, Rehema na Musa na Neema na Ali." Weka mkato baada ya Musa, kila mtu aone mwenzake.

Na asije mtu na "si kialama tu hicho". Kule Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa walidai malipo ya saa za ziada, na kesi ikaja kuning'inia kwenye mkato uliokosekana kabla ya "au" katika orodha iliyomo kwenye sheria ya jimbo. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaamua upande wa madereva. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Halafu kuna nyie mnaoandika hivi ,mkato umegandana na neno la mbele ,nafasi iko nyuma. Sina hata la kuwaambia.

Ila walionimaliza ni hawa: "Wanafunzi wote waliofaulu, wanatakiwa kuripoti Jumatatu." Mtenda katengwa na kitenzi chake kwa kosa gani? Eti "hapo ni pa kuvuta pumzi". Pumzi ikikuishia hilo ni la mapafu yako, sentensi haihusiki. Anayetetea huo mkato aje hapa, na asije mikono mitupu, alete kanuni.