MALALAMIKO: Risiva yangu ilikuwa nzima mpaka mtengenezaji alipoisasisha usiku nikiwa nimelala

Wakuu, nimesita kwa miezi miwili kuufungua uzi huu, kwa sababu sipendi kuja mbele za watu na hasira ambayo sijaipima. Sasa nimeipima, nimeiwekea hata daftari, na bado ipo pale pale.

Ninayo risiva ya sinema ya nyumbani, yaani kile kikuza sauti kinachopokea sauti ya runinga na vifaa vingine na kuigawa kwenye spika, ya chaneli 7 na sabufa, niliyoagiza mwaka 2022 kupitia binamu yangu anayefanya biashara zake Dubai. Nilichagua Dubai badala ya Marekani kwa sababu umeme wa huko unafanana na wetu, ilhali risiva za Marekani ni za volti 120 na ukizileta hapa Dar es Salaam lazima ununue na transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa kuwa bado tunaandikiana, na pia kwa kuwa ugonjwa nitakaoueleza si wa kampuni moja. Kwa karibu miaka mitatu risiva hiyo haikunipa sababu hata ya kufungua mfuniko wake, isipokuwa siku za kuipuliza vumbi.

Usiku wa Ijumaa moja niliamka kunywa maji, nikakuta kidirisha cha mbele cha risiva kinawaka na asilimia zinapanda: 41, 42, 43. Sikuwa nimeigusa. Kumbe sasisho la kiotomatiki la programu dhibiti, yaani ile programu ya ndani inayokiendesha kifaa, huja likiwa limewashwa tangu kiwandani, nami sikuwahi kulizima. Niseme ukweli kwamba nilifurahi kidogo, nikidhani naongezewa kitu cha bure. Nikarudi kulala nikiomba tu umeme usikatike, kwa maana kila mwenye kifaa cha namna hii anajua kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kuamka na tofali la kilo kumi. Umeme haukukatika, na sasisho likakamilika salama salimini.

Kesho yake tulikaa kutazama mpira. Ndani ya risiva kuna swichi ndogo, mafundi huziita relei, ambazo kazi yake ni kuziunganisha na kuzitenganisha spika. Mara nikasikia “tik”, spika zote zikanyamaza kwa sekunde tatu au nne, kisha “tik” nyingine na sauti ikarudi. Picha haikuyumba hata kidogo. Mtangazaji anasema “anaingia ndani ya boksi, anageuka”, tik, kimya, na sauti inaporudi uwanja mzima umeshasimama na wewe hujui kama ni bao au ni penalti iliyokataliwa. Nilidhani ni kisimbuzi. Nikahamia kwenye filamu kutoka intaneti, hali ikawa ile ile. Usiku uliofuata nilichukua daftari na kalamu nikakaa kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu, nikahesabu mikatiko 14, iliyokaribiana zaidi ikiwa imepishana kwa dakika mbili tu.

Naomba niwaeleze nilivyounganisha, ili asije mtu na jibu la haraka. Milango ya HDMI (ule waya mmoja unaobeba picha na sauti) ya risiva yangu ni ya toleo la 2.0, ambayo kikomo chake ni gigabiti 18 kwa sekunde. Kijana wangu anayo mashine ya michezo inayotoa picha ya 4K kwa fremu 120 kwa sekunde, na picha hiyo inahitaji HDMI 2.1, ambayo imeandikwa kubeba hadi gigabiti 48. Kwa hiyo mashine imechomekwa moja kwa moja kwenye runinga, na sauti inarudi kutoka runinga kwenda kwenye risiva kwa waya huo huo wa HDMI, kwa njia iitwayo eARC. Njia hiyo si sawa na ARC ya zamani iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. ARC ni kichochoro: hupitisha sauti ya chaneli mbili, au sauti ya chaneli nyingi iliyobanwa. eARC, iliyotangazwa pamoja na HDMI 2.1 mwaka 2017, ni barabara, hupitisha chaneli nyingi bila kubanwa na hata Dolby TrueHD, ile sauti ya diski isiyopunguzwa kitu, nzima nzima. Nyumbani kwangu sauti zote, za mpira, za filamu na za michezo, hupita mlango huo mmoja, na ndio mlango uleule ambao toleo jipya limeuharibu.

Nikaandika kwa huduma kwa wateja. Siku ya tisa likaja jibu, la heshima sana, likinitaka nirejeshe mipangilio ya kiwandani. Anayeandika jibu hilo sidhani kama amewahi kufanya anachokiagiza. Kurejesha mipangilio ya kiwandani maana yake ni kufuta vipimo vyote vya chumba, vile unavyovichukua kwa maikrofoni kwa kuiweka kwenye kila kiti huku kila spika ikilia zamu yake. Vyangu nilivichukua viti sita, saa saba usiku, wakati ambapo mbwa wa jirani walikuwa wamechoka. Nilikuwa nimeihifadhi mipangilio hiyo kwenye flashi, nikajiona mjanja, lakini toleo jipya likalikataa faili hilo kwa maelezo kwamba ni la toleo la zamani. Ikabidi nianze upya. Safari hii mama mkwe alikuwa mgeni wetu na amelala chumba cha pili, kwa hiyo nilimwomba radhi kabla, na nikamwomba radhi tena asubuhi, naye akaniuliza kwa upole kama ile redio ya zamani haikutosha. Nilikosa la kumjibu, maana relei zilikuwa zimekwisha kulia “tik” hata kabla hajamaliza chai.

Jibu la pili lilinitaka nibadilishe waya. Nilishabadilisha. Nimenunua nyaya tatu, wa mwisho ukiwa na lebo ya uthibitisho inayosomwa kwa simu, na kila mmoja umekatika vilevile. Jibu la tatu lilisema kosa ni la runinga. Niliwaandikia wa runinga, wakasema kosa ni la risiva. Hapo ndipo nilipoacha kuandika nikaanza kupima. Nilimwazima jirani yangu risiva, akaiunganisha na runinga yake ya kampuni nyingine kabisa, na kabla hatujamaliza soda tulisikia “tik”. Kisha nikachukua waya wangu na runinga yangu, nikaziunganisha na spika ndefu ya jirani huyo huyo inayotumia eARC, tukatazama saa mbili kamili na haikukatika hata mara moja. Kilichobaki kushukiwa ni risiva, na kwenye risiva hakuna kilichobadilika isipokuwa programu.

Hata fundi wangu wa Kariakoo, mtu ambaye nimemwona kwa macho yangu akibadilisha bodi ya HDMI kwa mkono usiotetemeka, aliikagua akaniambia kitu ambacho sikukisahau: “Kaka, mimi natibu vyuma. Hiki kimelogwa kwa maneno.” Hakunitoza hata nauli.

Kwa hiyo nikaomba kitu kimoja tu: nirudishieni toleo la zamani. Nikajibiwa kwamba kurudi nyuma hakuwezekani. Nilijaribu mwenyewe. Mmiliki mwenzangu wa modeli hiyo hiyo alinipa faili la toleo la zamani alilokuwa amelipakua kutoka tovuti ya kampuni kabla halijaondolewa, nikaliweka kwenye flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, bila folda, kama maelekezo yao yanavyotaka, nikachomeka. Risiva ililisoma, ikatafakari karibu dakika moja, ikaandika kwamba tayari inatumia toleo jipya zaidi, ikajizima.

Nimeelezwa kwamba hiyo ni kwa ajili ya usalama. Naelewa kiasi. Kifaa kilichounganishwa na intaneti hakipaswi kukubali programu ya mtu yeyote, na mle ndani kuna funguo za HDCP, ule ulinzi wa kunakili ambao bila wao filamu ya 4K haionyeshi kitu ila skrini nyeusi. Lakini programu ninayoiomba si ya mtu yeyote. Ni yao, wameitia saini wenyewe, na nimekaa nayo miaka karibu mitatu bila kuibiwa wala kudhuriwa. Kama toleo la zamani lina tundu la hatari, waseme ni tundu gani. Hakuna aliyesema. Kwenye maelezo ya toleo hili jipya kuna mstari mmoja peke yake: uthabiti umeboreshwa.

Mnaosema nimekosa bahati tu, tazameni yaliyoandikwa wazi duniani. Machi 2025 sasisho namba 1020.7 liliziua spika za Samsung HW-Q990D majumbani mwa watu, zikawa haziitikii rimoti wala kitufe, na dawa ikawa kuzipeleka kwa mafundi wa kampuni. Mei 2024 Sonos, kampuni ya spika za nyumbani, walibadilisha programu yao ya simu, na wateja wakapoteza mambo waliyoyazoea kwa miaka, hata kupanga kengele ya kuamkia. Mkuu wao wa wakati huo, Patrick Spence, aliomba radhi Julai, na Januari 2025 akaondoka. Ila kilichonigusa zaidi katika kisa hicho ni cha Agosti 2024: watu waliomba warudishiwe programu ya zamani, kampuni ikalipima wazo hilo, kisha ikasema kuirudisha kungezidisha matatizo, kwa kuwa mabadiliko yalikuwa yameshaingia mpaka ndani ya spika zenyewe. Yaani mtu amebomoa daraja akiwa ameshavuka na mizigo yako.

Wapo watakaosema, “Si ungeacha kusasisha?” Nawajibu kwamba hao hao watengenezaji ndio wanaotuuzia sasisho kama sehemu ya bidhaa. Unasoma kwenye boksi kwamba kipengele fulani kitakuja baadaye, unalipa leo, unasubiri. Na wakati mwingine kinachosubiriwa hakiponyeki kwa programu hata kidogo. Mwaka 2020 risiva mpya za Denon, Marantz na Yamaha zilizonadiwa kwa HDMI 2.1 zilitoa skrini nyeusi zilipopewa picha ya 4K kwa fremu 120 kutoka mashine ya michezo ya Xbox Series X, na kosa likaonekana liko kwenye chipu. Denon na Marantz waliishia kuwapa wamiliki kisanduku cha kuunganisha nje bila malipo, na Yamaha wakaahidi kubadilisha bodi. Nawapa haki yao: walikubali kwamba kosa ni lao. Mimi hilo la kukubali tu sijalipata. Nikitaja dhamana naambiwa kwamba dhamana ya Dubai haivuki bahari, na tena imekwisha muda. Lakini sasisho lenyewe halikuuliza limfuate mteja wa nchi gani, wala dhamana yake inaishia lini; lilivuka bahari usiku likaingia sebuleni kwangu.

Mtu anaponiuzia gari, hana ruhusa ya kuingia uani kwangu usiku miaka mitatu baadaye akabadilisha breki, halafu asubuhi aniambie nijaribu kubadilisha matairi. Nalipa bei ya kifaa kizima, sijakodi. Sidai pesa wala risiva mpya. Nadai kwamba kila toleo lao la zamani liwekwe mahali ambapo mmiliki anaweza kulichukua, na kwamba risiva ikubali kulipokea.

Kwa sasa nimezima eARC nikarudi kwenye ARC, na mikatiko imekoma. Filamu za intaneti hazijapungukiwa kitu, kwa sababu Dolby Atmos ya huko, ile sauti inayokuzunguka mpaka juu, huja ikiwa imebanwa na ARC inaibeba. Diski za Blu-ray pia zinalia vizuri kwa kuwa mashine yake inaingia moja kwa moja kwenye risiva. Aliyeumia ni kijana: sauti ya michezo yake sasa inabanwa kwanza ndipo ipite, inachelewa kidogo, naye anasema risasi anaiona kabla hajaisikia. Waya wa intaneti wa risiva nimeuchomoa, na Wi-Fi yake nimeifuta nywila.

Wenye risiva za chaneli 7 zilizonunuliwa kati ya 2020 na 2023, za kampuni yoyote, naomba mwingie leo kwenye menyu ya mipangilio, sehemu ya mfumo, mzime sasisho la kiotomatiki kabla ya kulala, kisha mwandike hapa chini namba ya toleo mlilonalo na kama eARC yenu inakatika. Na kama kuna aliyewahi kufanikiwa kurudi nyuma toleo moja, hata kwa njia ya kubonyeza vitufe viwili vya mbele wakati wa kuwasha, aniambie ni vipi. Viwili vya kwanza kushoto nimeshajaribu, vimenifutia vile vipimo vya viti sita kwa mara ya pili.